"Rudi ukiwa nje": jibu kwa mama anayelala sebuleni kwa ndugu yake Uingereza

"Naishi katika mji mmoja wa Midlands, Uingereza, na watoto wangu wawili, wa miaka 7 na miaka 3. Miezi mitano iliyopita niliondoka kwa mume wangu, mji mwingine, nikaja kukaa kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Yeye ana mume na watoto watatu katika nyumba ya vyumba viwili. Mimi na wanangu tunalala sebuleni, kwenye godoro tunaloliinua kila asubuhi kabla shemeji hajaamka. Shemeji amesema mwisho wa mwezi ujao tuwe tumeondoka, na simlaumu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, saa 20 kwa wiki, na nina ukaazi wa kudumu. Nilikwenda kaunsili, kijana wa mapokezi akaniambia kwamba nina pa kulala, nirudi siku nikiwa nje. Akanipa karatasi ya majina ya madalali wa nyumba. Dada yangu alipopigiwa simu akajibu kwamba hawezi kunitupa. Wenzangu kazini wanasema nikisumbua sana watoto watachukuliwa na ustawi wa jamii, au nitapelekwa mji wa mbali, na ombi langu la uraia litaharibika. Jina langu bado lipo kwenye mkataba wa nyumba ya mume wangu, na huko sirudi. Je, nisubiri mpaka nitolewe?"

Hapana, dada yangu, usisubiri. Uliyoambiwa pale mapokezi hayalingani na sheria, na ukiyafuata utajikuta siku ya mwisho ya mwezi umesimama katika ofisi ileile saa kumi jioni, watoto wana njaa, mabegi yako miguuni, ukiomba kwa pupa kitu ambacho sheria ilikupa muda wa kukiomba kwa utulivu. Nimekaa na akina mama wengi wa kwetu katika ofisi za makazi, mara nyingine nikiwa mshauri wao, mara nyingine nikiwa mkalimani tu, na wengi niliowaona wakikataliwa walikuwa na haki yao kamili, ila walizungumza lugha ya heshima mbele ya mtu aliyekuwa akiandika faili. Kwa hiyo nitakueleza sheria, lakini nitakaa zaidi kwenye hilo la maneno, kwa sababu barua yako inanionyesha kwamba hapo ndipo penye hatari.

Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Makazi ya mwaka 1996, sehemu yake ya saba, pamoja na Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika tarehe 3 Aprili 2018. Hizi ni za England, ambako Midlands imo. Scotland na Wales wana taratibu zao. Kabla ya mabadiliko hayo halmashauri nyingi, yaani hizo kaunsili, zilikuwa na desturi ya kungoja mtu afike mwisho kabisa, na desturi hiyo bado inaishi vinywani mwa baadhi ya watumishi wa mapokezi. Sasa sheria inasema kwamba mtu anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56 anahesabiwa kuwa yuko katika tishio la kukosa makazi, na halmashauri inawajibika kumsaidia asifikie huko. Chukua kalenda uhesabu: mwisho wa mwezi ujao ama uko ndani ya siku hizo 56, ama zimebaki siku chache sana uingie. Zaidi ya hapo, mtu mwenye paa juu ya kichwa anaweza kuhesabiwa hana makazi ikiwa si jambo la busara aendelee kukaa hapo, na watu wanane katika vyumba viwili, watatu kati yao wakilala sebuleni, ni hoja inayostahili kuandikwa.

Kiwango cha kuifanya halmashauri ianze uchunguzi ni kidogo sana: inatosha iwe na sababu ya kuamini kwamba huenda huna makazi au uko katika tishio hilo. Hakuna fomu maalumu ambayo bila hiyo ombi si ombi. Ndiyo maana nakushauri uache kuzungumza na dirisha la mapokezi na uandike. Tuma barua pepe kwa idara ya makazi, utaje tarehe, useme kwamba unaomba msaada kwa kuwa unakabiliwa na kukosa makazi, wewe na watoto wawili wa umri huo. Kwamba mwenye nyumba unakokaa amekutaka uondoke kufikia tarehe fulani. Kwamba una ukaazi wa kudumu. Kwamba unafanya kazi katika mji huo. Na kwamba unaomba tathmini pamoja na uamuzi kwa maandishi. Ongeza kuwa siku fulani ulifika ukaambiwa urudi ukiwa nje. Hifadhi nakala. Neno la mdomoni pale dirishani halikatiwi rufaa, lakini uamuzi ulioandikwa unakatiwa.

Sasa tuje kwenye simu ya dada yako. Naielewa kabisa, nawe unaielewa, kwa sababu kwa malezi yetu hakuna mtu mzima atakayemwambia mgeni kwenye simu kwamba anamfukuza mtoto wa mama yake mkubwa na watoto wake. Atasema "siwezi kumtupa", na moyoni anamaanisha kwamba jambo hili linamuuma, si kwamba ana nafasi. Lakini afisa aliyeko upande wa pili hasikii uchungu huo. Anaandika kwamba mwombaji ana makazi na mwenyeji yuko radhi aendelee kukaa, na sentensi hiyo moja inaweza kulifunga faili lako. Mkalishe dada yako na shemeji kabla simu nyingine haijapigwa, uwaeleze kwamba kusema ukweli hakutawavunjia heshima na hakutakuweka barabarani. Kwamba ndiko kutakakoilazimu halmashauri ianze kazi. Waandike barua fupi, wote wawili watie sahihi, wakitaja nyumba ina vyumba vingapi, wanalala wangapi, kwa nini hamwezi kuendelea kukaa na tarehe ya mwisho. Halmashauri inaweza kuwapigia tena au kufika nyumbani kuona, na hilo lisiwatishe. Pia inaweza kujaribu kuwasihi wakuongezee wiki chache wakati unatafutiwa mahali. Hilo ni ombi la haki na wanaweza kulikubali, mradi waseme wazi kwamba ni wiki ngapi na zitaisha lini.

Kuna maneno mengine yetu yanayoleta shida ofisini. Umemwita mtoto wa mama mdogo "dada yangu", na kwetu ndivyo alivyo. Katika faili ataandikwa kuwa mmezaliwa tumbo moja, kisha siku mnapoleta vyeti itaonekana kana kwamba ulidanganya. Nilikuwa mkalimani wa mama mmoja aliyesema ana "watoto wanne" huku wawili wakiwa wa kaka yake marehemu walioko kijijini. Ilituchukua miezi kulisafisha neno hilo katika faili lake. Na hatari kubwa kuliko zote ni swali linalosikika kama la mazungumzo tu: je, una nyumba mahali popote? Sheria inauliza kuhusu makazi Uingereza au kwingineko duniani. Mtu wa kwetu, kwa fahari na bila hila, atajibu ndiyo, tuna nyumba Tanga, au Mombasa, au Bukavu, akimaanisha nyumba ya familia ambamo kaka zake wanaishi na wake zao. Swali la kisheria ni kama una haki ya kukaa humo wewe na wanao, kama inapatikana, na kama ni busara ukae humo. Ikiwa ni nyumba ya baba wanamoishi wengine, jibu hivyo hasa, kwa urefu wake. Nenda na mkalimani wa Kiswahili anayeletwa na halmashauri, uombe mapema, na usimtumie mtoto wala dada yako. Utaona sababu hapa chini.

Jambo zito kuliko yote katika barua yako uliliandika mwishoni, katika sentensi moja: "huko sirudi". Afisa hataishia kuuliza kwa nini unatoka kwa dada yako. Kukaa sebuleni kwa ndugu hakuhesabiwi kuwa makazi ya kudumu, kwa hiyo atarudi nyuma hadi nyumba ya mwisho uliyokuwa umetulia, yaani nyumba ya mumeo, ambayo jina lako bado limo katika mkataba wake, na atauliza kwa nini uliiacha. Sheria ina kifungu kuhusu mtu aliyekosa makazi kwa kujitakia: aliyefanya jambo kwa makusudi, au akaacha kulifanya, akapoteza nyumba ambayo ilipatikana kwake na ambayo ingekuwa busara aendelee kukaa. Ukijibu kama tulivyofundwa kujibu, kwamba "tulishindwana tu", umejiweka mwenyewe katika kifungu hicho, na mtu aliyekutwa amejitakia, hata akiwa na watoto, hapewi makazi ya muda mrefu. Hubakiwa na muda mfupi wa kujitafutia na ushauri.

Hukunieleza kwa nini uliondoka, na huna haja ya kunieleza mimi. Lakini ikiwa kulikuwa na kipigo, au vitisho, au kufuatwafuatwa, au kunyimwa hela, kushikiliwa pasi yako ya kusafiria, kukatazwa kuongea na ndugu zako, basi ujue kwamba Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani ya mwaka 2021 inayatambua yote hayo, na si kipigo peke yake. Nyumba ambamo mtu anaelekea kukutana na unyanyasaji huo haihesabiwi kuwa nyumba ya busara kuendelea kuishi. Anayeikimbia si aliyejitakia, hata jina lake likiwa kwenye mkataba, hata akiwa na ufunguo mfukoni. Tangu Julai 2021 aliyekosa makazi kwa sababu hiyo ana kipaumbele hata asipokuwa na mtoto. Barua ya daktari, ya mwalimu wa shule, au ujumbe uliobaki kwenye simu husaidia, lakini kutokuwa na ripoti ya polisi hakufuti maneno yako, na halmashauri haitakiwi kwenda kumuuliza mnyanyasaji mwenyewe. Omba uhojiwe na afisa mwanamke, faraghani. Hii ndiyo sababu ya kutomtumia dada yako kuwa mkalimani: kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya ndugu ambaye kesho yatafika kwa mashangazi.

Na ikiwa haikuwa hivyo, ikiwa kweli mlishindwana, usibuni lolote. Sema yaliyotokea kwa ukamilifu: nani alimtaka nani aondoke, kama mumeo angekuruhusu kurudi, kama sasa anaishi na mwingine. Kwa hali yoyote, usitie sahihi karatasi yoyote ya kujiondoa katika mkataba ule, wala usiandike notisi, kabla hujaonana na mwanasheria wa makazi, kwa sababu notisi ya mpangaji mmoja wa mkataba wa pamoja inaweza kuuvunja mkataba mzima.

Ombi likishapokewa, halmashauri itafanya tathmini na kukuandikia mpango wako binafsi unaoonyesha yenyewe itafanya nini na wewe utafanya nini. Hatua ya kwanza ni wajibu wa kuzuia, ambao humaanisha kuzungumza na mwenyeji wako, au kukusaidia kupata nyumba ya kupanga, na halmashauri nyingi zinaweza kutoa dhamana au kulipia amana. Ukishakosa makazi kabisa huanza wajibu wa pili wa kukutafutia, wa siku 56, na hapo ndipo watoto wako wanapobadili hali: kwa kuwa unaishi na watoto wanaokutegemea, una kipaumbele, na halmashauri ikiwa na sababu tu ya kuamini kwamba hayo ni kweli, lazima ikupe mahali pa muda siku hiyohiyo, kabla haijamaliza uchunguzi. Ikikupeleka katika nyumba ya wageni ambako mnashirikiana choo au jiko na familia nyingine, haitakiwi kukuacha huko zaidi ya wiki 6. Siku 56 zikiisha bila suluhisho, na ikaonekana hukujitakia, unaingia katika wajibu mkuu, ambao ni wa kudumu mpaka upatiwe makazi yanayofaa.

Hapa niseme wazi, kwa sababu wengi huvunjika moyo baadaye: wajibu huo mkuu haumaanishi ufunguo wa nyumba ya kaunsili. Unaweza kutimizwa kwa nyumba ya mpangishaji binafsi, na kabla ya hapo unaweza kukaa katika makazi ya muda kwa miezi mingi, na katika baadhi ya miji kwa miaka. Kwa hiyo kuitafuta nyumba ya kupanga mwenyewe, kwa msaada wa halmashauri wa amana, si njia ya kudharau, hasa ukitaka mtoto wa miaka 7 abaki katika shule yake. Lakini piga hesabu kabla ya kusaini: kipato chako cha saa 20, msaada wa kodi unaotolewa kwa eneo lako, na kodi yenyewe. Nyumba usiyoweza kuilipia itakurudisha hapahapa baada ya mwaka, na safari hiyo utaulizwa kuhusu malimbikizo ya kodi.

Kuhusu kuhamia kwako, mtu anaweza kukuambia urudi ulikotoka kwa kuwa huna uhusiano na eneo hilo. Kipimo cha kawaida ni miezi 6 ya kuishi kati ya 12 iliyopita, au miaka 3 kati ya 5, au kazi, au ndugu wa karibu. Binamu kwa kawaida hatoshi mbele yao, hata kama kwetu ni dada. Kazi yako inatosha, na wakati uamuzi utakapofanywa utakuwa umeivuka hata miezi 6. Katika hatua ya kuzuia hawawezi kabisa kukusukumia halmashauri nyingine kwa kigezo hicho, na wala hawawezi kukurudisha katika mji ambako unyanyasaji unakungoja.

Wenzako kazini wanakutisha kwa mambo matatu, na mawili hayana uzito. Umaskini na kukosa nyumba si sababu ya kumnyang'anya mama watoto. Ili mahakama itoe amri hiyo lazima ithibitishwe kwamba mtoto anadhurika au ataelekea kudhurika sana kutokana na malezi anayopewa. Ustawi wa jamii, kwa kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, una uwezo wa kuisaidia familia nzima kwa pamoja, na ukisikia afisa akisema atawapa nafasi watoto peke yao, piga simu kwa mwanasheria siku hiyo. Kuhusu uraia, mwenye ukaazi wa kudumu usio na sharti la kutotumia fedha za umma, yaani misaada ya serikali, anaruhusiwa msaada huu, na kuomba unachoruhusiwa hakuchafui jina lako. Jipatie uhakika wa sharti hilo katika hati yako ya kidijitali ya uhamiaji kabla ya kutuma ombi.

La tatu, la kupelekwa mbali, lina ukweli. Hutokea, hasa London. Sheria inataka upewe makazi ndani ya eneo la halmashauri kadiri inavyowezekana, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya Halmashauri ya Westminster ya London, iliyokuwa imempangia mama mwenye watoto watano nyumba karibu na Milton Keynes, nje ya London, bila kuonyesha jinsi ilivyopima maisha ya watoto wale na kama kulikuwa na nafasi ya karibu zaidi. Hivyo orodhesha mapema, kwa maandishi, shule, kazi, zamu zako, nani hukusaidia kumchukua mdogo, daktari wa mtoto. Na ukipewa nyumba unayoiona haifai, tafadhali usiikatae kwa hasira. Kukataa kunaweza kumaliza wajibu wao wote kwako. Nyumba inapotolewa chini ya wajibu mkuu unaweza kuikubali, uhamie, na papo hapo uombe mapitio, yaani halmashauri ipime upya kama inakufaa. Uamuzi wowote mkubwa unaopingika una siku 21 za kuomba mapitio tangu ulipopewa barua, na baada ya mapitio una siku 21 nyingine kwenda Mahakama ya Kaunti kwa hoja ya kisheria. Barua ikifika, andika tarehe juu ya bahasha.

Wasomaji wengine watakaopitia jibu hili wasijipime kwa hali ya dada huyu. Mwenye viza ya mwenza, ya masomo au ya kazi yenye sharti la kutotumia fedha za umma asitume ombi hili kabla ya kupata ushauri, kwani kulipokea kunaweza kuwa kuvunja sharti. Akiwa na watoto, njia yake ni kile kifungu cha 17, na aliyekuja kwa viza ya mwenza akakimbia unyanyasaji anaweza kuomba ruhusa maalumu ya miezi 3 inayomfungulia msaada, jambo la kufanywa na mwanasheria wa uhamiaji. Kijana mzima asiye na mtoto wala ugonjwa atapata mpango na msaada wa kutafuta, lakini mara nyingi hatapewa kitanda, na ni afadhali alijue hilo mapema.

Kwako, dada, kuna nyakati tatu ambazo maandishi yangu hayatoshi na lazima uonane na mtu. Ya kwanza ni kama una hofu ya mumeo, hata kama ni ndogo: namba ya taifa ya unyanyasaji wa majumbani, 0808 2000 247, inapokelewa usiku na mchana, na ukiwa hatarini papo hapo ni 999, namba ya dharura. Ya pili ni kama halmashauri itakataa kulipokea ombi au kukupa mahali siku utakapokuwa nje: Shelter, shirika la hisani la masuala ya makazi, wako 0808 800 4444, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au kituo cha sheria cha eneo lako watakuunganisha na mwanasheria wa makazi. Kwa mwenye kipato kama chako masuala haya kwa kawaida huingia katika msaada wa kisheria wa serikali, kwa hiyo usiogope gharama. Ya tatu ni siku utakapopewa karatasi yoyote ya kusaini inayohusu nyumba ya zamani.

Leo usiku, godoro likishatandikwa na watoto wakilala, andika ile barua pepe. Kesho asubuhi, kabla dada yako hajaenda kazini, mwombe barua yake na sahihi ya shemeji, uvitume vyote pamoja.